Kusafisha eabrashi kwa thina na asetoni wakati wa baridi

Mwezi wa sita na wa saba, jua likishazama, nyumba nyingi za Uyole, Makambako na Njombe mjini huwa zimefungwa madirisha na jiko la mkaa limeshaingizwa ndani. Huo ndio muda ambao mtu aliyetoka kazini hupata nafasi ya kukaa na eabrashi yake, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa. Anapaka basi la mfano, kava la simu, au tangi la pikipiki la jirani. Akimaliza anamimina thina kwenye kikombe cha rangi, anakandamiza triga na kuipuliza humohumo chumbani mpaka itoke safi. Chumba kina mvuke unaowaka, kina moto, na hewa haina pa kutokea. Kwa hiyo baridi yetu inaifanya kazi hii ndogo iwe ya hatari kuliko ilivyo Dar es Salaam, ambako mtu hupaka barazani mlango ukiwa wazi.

Maelezo haya ni ya eabrashi ya kawaida yenye kikombe juu, ile ya kukandamiza triga upate hewa na kuivuta nyuma upate rangi, yenye nozeli, yaani kimdomo cha mbele cha kutolea rangi, ya milimita 0.2 hadi 0.5. Dawa kali, yaani thina au asetoni, inahitajika kwenye vipande viwili au vitatu tu vya mbele, na mililita 10 zinatosha kabisa, yaani vijiko viwili vya chai. Kazi iliyobaki inafanywa na maji, brashi laini na subira. Anayemaliza nusu lita ya thina kwa usafi mmoja anapuliza kitu ambacho angekiloweka.

Rangi ipi, dawa ipi

Rangi za maji, zile za akriliki, zikiwa bado mbichi hutoka kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Zikianza kukauka, tumia spiriti. Zikishakaa siku kadhaa ndani ya nozeli ndipo asetoni au thina inapohitajika. Ila usimimine asetoni juu ya akriliki mbichi, kwa sababu haitayeyuka. Itaganda vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, na vipande hivyo vitakwenda moja kwa moja kuziba nozeli. Maji kwanza mpaka yatoke meupe, kisha ndiyo dawa kali.

Rangi za mafuta zinataka tapentaini, na tapentaini inatosha. Haina haraka kama thina, lakini haitoi mvuke mwingi na haiharibu mipira upesi. Rangi za NC, zile za samani na magari, zinataka thina ya NC. Rangi za kuchanganya na hadina zinataka thina yake yenyewe, tena ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa sababu hadina ikishashika hakuna thina itakayoirudisha. Rangi hizi nyingi zina aisosianeti ndani ya hadina, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Kwa anayepaka chumbani bila vifaa vya kupumulia vya kazi hiyo, ushauri wetu ni mmoja: aziache.

Petroli isitumike kabisa, japo vijana wengi huipenda kwa kuwa inapatikana kila kona. Ina benzini, ambayo husababisha saratani ya damu, na hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa hayana ukali huo, lakini huacha utando wa mafuta unaofanya rangi inayofuata igawanyike kwenye vitobo vidogo kama macho ya samaki. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nayo hula kromu na shaba ya eabrashi, na ikikutana na asetoni inaweza kutengeneza klorofomu. Usiviweke hata kwenye beseni moja. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia zinaua shaba polepole, hivyo usiloweke chochote humo.

Kuna jambo la dukani pia. Thina ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ni rahisi kwa bei, lakini huwezi kujua imechanganywa na nini, na chupa yenyewe ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Nunua kopo lenye lebo, hata kama ni dogo. Ukilazimika kupimiwa, nenda na chupa yako ya kioo yenye kifuniko cha chuma, na ukifika nyumbani andika THINA kwa herufi kubwa pande zote mbili. Kabla ya kuifunga, weka kipande cha foili ya jikoni chini ya kifuniko, kwa sababu ule mpira mwembamba wa ndani huyeyuka na kuchafua dawa yote.

Mvuke unakwenda wapi

Asetoni hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Toluini, ambayo ni sehemu kubwa ya thina nyingi, huanza kwenye nyuzi 4. Maana yake hata asubuhi ile ambayo majani ya Makete yameganda barafu, kopo la asetoni lililo wazi linaweza kushika moto. Baridi hupunguza harufu tu, na hapo ndipo mtu anapodanganyika kwamba hakuna kitu hewani.

Mvuke wa asetoni ni mzito mara mbili ya hewa, na wa toluini mara tatu. Haupandi darini. Unashuka kwenye meza, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kufika kwenye jiko lililo chumba cha pili. Mtoto aliyekaa mkekani anauvuta kabla yako wewe uliyekaa kwenye kiti. Mililita 10 za asetoni zikiyeyuka zote hutoa lita 3 hadi 4 za mvuke, na hizo zinatosha kufanya zaidi ya lita 100 za hewa ziweze kuwaka, karibu nusu ya pipa la mafuta. Kopo la lita 1 likipinduka, zidisha hiyo mara mia.

Kupuliza ni kubaya zaidi ya kumwagika. Eabrashi hukata dawa kuwa matone madogo sana, na ukungu wa matone hayo unaweza kuwaka hata pale ambapo dawa yenyewe ikiwa kwenye bakuli isingewaka kwa urahisi. Hii inahusu hata tapentaini. Ndiyo maana humu tunaloweka, tunafuta na kusugua, na kupuliza kunabaki kwa maji.

Mahali na saa

Fanya kazi hii nje, mchana. Saa sita hadi saa tisa, hata mwezi wa saba, jua la Iringa au Mbeya huwa limeshapasha uwanja kiasi cha kukaa na sweta moja. Ukichelewa, loweka vipande vya akriliki kwenye maji ya sabuni usiku kucha na umalizie kesho yake. Rangi ya NC iliyokaa usiku mmoja bado itatoka kwa thina, hivyo hakuna dharura ya kukufanya ufungue kopo karibu na jiko.

Kama unafanyia kwenye fremu, angalia jirani. Fremu nyingi zimepangana ukuta kwa ukuta, na upande wa pili mtu anakaanga chipsi. Hapo usifungue kopo. Toka nyuma ya jengo, mahali ambapo upepo unapeleka harufu kwenye uwazi, hatua kumi au zaidi kutoka kwenye jiko lolote, mvutaji sigara yeyote na pikipiki inayounguruma.

Kompresa ina cheche zake. Swichi inayoizima na kuiwasha kulingana na mgandamizo hutoa cheche kila inaposhika, na kompresa za friji ambazo mafundi wengi hujitengenezea zina rilei inayofanya vivyo hivyo. Jaza tangi, zima, chomoa plagi ukutani, halafu ndiyo ufungue dawa. Hewa iliyobaki kwenye tangi la lita 3 inatosha kukung'utia kikombe mara mbili tatu. Ukichomoa plagi baada ya kufungua thina umepiga cheche palepale.

Vaa miwani ya kukinga macho, ile ya wazi ya mafundi wa kukata vyuma. Tone moja la thina likirudi kutoka kwenye nozeli linakwenda jichoni kwa sababu uso wako uko sentimita 20 tu kutoka hapo. Glavu za naitraili, za buluu au nyeusi, zinafaa kwa tapentaini. Asetoni hupenya zile nyembamba ndani ya dakika chache, kwa hiyo zichukulie kama kinga ya matone: ikilowa, vua, vaa nyingine. Glavu nyeupe za mpira za hospitali hazifai hapa. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Barakoa ya mpira yenye kichujio cha rangi ya kahawia, chenye alama A, huzuia mvuke wa thina nyingi, lakini kimetengenezwa kwa dawa zinazochemka juu ya nyuzi 65, na asetoni huchemka kwenye 56. Kwa asetoni, ulinzi wako hasa ni upepo.

Andaa sinia pana lenye kitambaa cheupe cha pamba, chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko, kopo la chuma la taka, vijiti vya pamba, vijiti vya meno vya mbao, brashi ndogo za kusafishia katikati ya meno na spana ndogo iliyokuja na eabrashi. Weka pia ndoo ya maji safi, ndoo ya mchanga mkavu na kipande cha bati kinachoweza kufunika lile kopo. Vikombe vya plastiki ngumu inayong'aa, vile vya sherehe, asetoni huvila mpaka kitako kikatoka, kwa hiyo visiwepo.

Hatua za kazi

1. Rudisha rangi iliyobaki kwenye chupa yake na ufute kikombe kwa karatasi laini. Weka maji (kwa akriliki) au tapentaini (kwa rangi ya mafuta) hadi nusu ya kikombe, sugua kuta kwa brashi, mwaga kwenye kopo la taka. Rudia mpaka yatoke safi. Mara nyingi ni mizunguko mitatu.

2. Kwa maji tu, unaweza kurudisha hewa kikombeni: shusha mgandamizo hadi psi 10 au 15, ziba ncha kwa kitambaa kilichokunjwa, kandamiza triga na uivute kidogo. Mapovu yatapanda kikombeni na kubeba rangi iliyojificha nyuma ya nozeli. Usifanye hivi kwa thina au asetoni. Povu likipasuka linarusha dawa usoni.

3. Funga hewa, kandamiza triga mpaka ukimya, ndipo uchomoe mpira wa hewa.

4. Fungua mpini wa nyuma na ulegeze nati inayobana sindano. Kama ncha ya sindano ina rangi iliyoganda, usiivute nyuma, kwa sababu italiburuza donge hilo kwenye mpira wa kuzuia rangi ulio katikati ya mwili, na kuanzia siku hiyo triga itakuwa nzito. Fungua kwanza kofia za mbele, futa ncha, toa nozeli, halafu isukume sindano itokee mbele. Kama ncha ni safi, vuta nyuma taratibu ikiwa imenyooka.

5. Nozeli ifunguliwe kwa spana yake, si kwa koleo. Ni kipande kidogo kama punje ya mchele, na nyuzi za skrubu yake ni nyembamba kiasi kwamba kukaza kupita kiasi mara moja tu hukata shingo na kuacha nusu ndani ya mwili. Ikigoma, dondoshea matone mawili ya dawa kwenye maungio, subiri dakika 5, jaribu tena. Nguvu za mkono zisiongezwe.

6. Weka nozeli na kofia za chuma kwenye chupa ya kioo, mimina mililita 5 za dawa, funga. Dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa rangi ya siku moja, nusu saa kwa iliyokaa wiki. Kama kuna oringi, yaani pete ya mpira, kwenye kofia, itoe kwanza kwa kijiti cha meno.

7. Wakati hiyo inaloweka, shika sindano. Lowesha kitambaa kidogo, ibane katikati ya vidole viwili na ufute kuanzia nyuma kuelekea kwenye ncha huku ukiizungusha. Ukifuta kinyume, ncha inajichoma kwenye kitambaa na kupinda.

8. Itoe nozeli na uiinue kwenye mwanga wa jua, tundu kubwa likiwa upande wa jicho lako, umbali wa mkono. Nozeli safi inaonyesha duara moja jembamba la mwanga, lenye ukingo mkali. Ukiona duara lina ukungu, au lina mwezi mweusi upande mmoja, kuna rangi kwenye koni ya ndani. Chonga kijiti cha meno kiwe chembamba, kichovye kwenye dawa, kiingize kwa nyuma na ukizungushe kwa vidole bila kusukuma. Kitatoka na pete ndogo yenye rangi ya kazi yako ya mwisho. Rudia kwa kijiti kipya mpaka kitoke cheupe. Usitumie sindano ya kushonea, waya wa gitaa, wala sindano yenyewe ya eabrashi. Chuma chochote kigumu kitaitanua midomo ya nozeli, na nozeli iliyotanuka huchora mstari mnene usiorudi kuwa mwembamba tena.

9. Mwili wa eabrashi haulowekwi. Chini ya triga kuna vali ya hewa yenye oringi na grisi, na dawa kali ikifika huko grisi inaondoka na mpira unavimba. Chovya kijiti cha pamba, kamua kidogo, futa kikombe. Njia ya rangi, kutoka kikombeni kwenda mbele, ipitishie brashi ya katikati ya meno iliyolowa kidogo, mwili ukiwa umeinamishwa ncha chini ili dawa ishuke mbele na isirudi kwenye triga.

10. Tandaza vyote kwenye kitambaa, juani, dakika 10. Funga chupa ya dawa kabla ya kuunganisha chochote.

Kuunganisha huanzia mbele: nozeli kwanza, kwa vidole mpaka iguse, kisha spana robo ya mzunguko au pungufu. Halafu kofia, halafu sindano kutoka nyuma, taratibu mpaka uisikie imetulia. Ukiisukuma kwa nguvu, unaipasua nozeli kwa ndani. Paka tone la glisirini ya duka la dawa kwenye sehemu ya kati ya sindano, si kwenye ncha. Glisirini huondoka kwa maji na haivunji rangi inayofuata. Mafuta ya cherehani yanalainisha vizuri zaidi kwenye triga, lakini yakifika kwenye njia ya rangi utayaona kwenye kazi yako.

Mipira ya ndani

Eabrashi nzuri huwa na pete ya tefloni ya kuzuia rangi kuzunguka sindano. Tefloni haijali asetoni wala thina, na ukiijua yako ni ya aina hiyo unaweza kuwa na amani. Za bei nafuu zina mpira mweusi wa kawaida. Mpira huo ukikaa kwenye thina dakika chache unavimba na kubana sindano, na ukikauka unasinyaa na kupasuka. Dalili ya kwanza ni triga inayorudi polepole, ya pili ni rangi kutokea kwenye mpini wa nyuma. Mipira ikivimba, iache hewani siku moja au mbili bila kuigusa. Mingine hurudi. Isiyorudi ibadilishwe kwa yenye vipimo vilevile. Peleka ule wa zamani dukani ulinganishe kwa macho, na kama kuna ya tefloni chukua hiyo.

Mabaki

Dawa iliyotumika isimwagwe chooni, kwenye sinki wala kwenye mtaro. Choo cha shimo tayari kina gesi yake, na mvuke wa thina ukiongezeka humo, mtu akaingia usiku na njiti ya kiberiti au akatupa kipisi cha sigara, unaweza kulipuka akiwa amechuchumaa juu yake. Mtaro nao unaishia mtoni, na watu wa mabondeni wanamwagilia mboga kwa maji hayo.

Mimina dawa chafu kwenye chupa ya kioo, funga, iache siku mbili au tatu mahali penye kivuli nje ya nyumba. Rangi itashuka chini kama tope. Dawa ya juu, iliyo safi, imimine polepole kwenye chupa nyingine na uiandike MARA YA PILI. Inafaa kabisa kwa kuloweka nozeli chafu mara ya kwanza kabla ya kumalizia na dawa mpya. Mafundi rangi wa magari hufanya hivyo hivyo na bunduki zao za kupulizia, na kama unafahamiana na mmoja, mabaki mengi yanaweza kwenda kwake. Tope la chini limimine kwenye kopo lenye mchanga, liache wazi nje mbali na moto na watoto mpaka likauke gumu, ndipo liende na taka ngumu. Lisichomwe na takataka za uani. Kopo lililofungwa likiingia motoni hupasuka.

Vitambaa vyenye thina vitandazwe kimoja kimoja kwenye kamba mpaka harufu iishe. Vyenye rangi ya mafuta usivirundike hata kama havinuki, kwa kuwa mafuta ya aina hii yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kushika moto lenyewe saa kadhaa baadaye. Vilowe kwenye maji kabla ya kutupwa.

Kopo lililobaki lihifadhiwe kwenye banda au stoo ya nje, juu, limefungwa. Chini ya kitanda hapafai, na pembeni ya jiko ili "isigande" hapafai zaidi. Thina haigandi kwa baridi ya huku.

Mambo yakiharibika

Kichwa kikianza kuwa chepesi, au midomo ikifa ganzi, acha kila kitu ukae penye upepo. Dawa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua.

Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta. Maziwa ndiyo huduma ya kwanza inayotajwa kila mtaa, lakini hayaiondoi sumu hii, na yanajaza tumbo na kuongeza uwezekano wa kutapika. Thina inapopanda tena kooni sehemu yake huingia kwenye mapafu na kuyaunguza. Mpeleke hospitali mara moja na ubebe kopo lenyewe, ili daktari asome kilichomo.

Kopo likiwaka, lifunike kwa lile bati na urudi nyuma. Mchanga unafaa kwa dawa iliyomwagika ardhini. Maji ya ndoo husambaza moto, maana dawa nyingi huelea juu yake. Ukishindwa katika sekunde chache za kwanza, toa watu na upige 114, namba ya Zimamoto.

Kabla ya kurudi kwenye rangi

Jaribu kwa maji. Rudisha kompresa, psi 15, maji nusu kikombe, puliza kwenye karatasi ya magazeti. Mapovu yakipanda kikombeni bila kuziba ncha, nozeli haijakaa vizuri au ina ufa. Fungua, futa kiti chake, rudisha. Maji yakitoka yakirukaruka, bado kuna punje kwenye koni, au kofia ya mbele ni chafu. Yakielekea upande mmoja, sindano imepinda. Iviringishe juu ya kioo cha dirisha: ncha iliyonyooka hubaki imelala, iliyopinda hupepesa kila inapozunguka. Mpindo mdogo unaondoka kwa kuilaza sindano kwenye msasa namba 2000 uliolowa na kuivuta nyuma huku ukiizungusha, mara tano au sita, kisha ukague tena. Mpindo unaoonekana bila kioo ni wa kununua sindano mpya, yenye namba sawa na nozeli. Hewa ikivuja muda wote bila kukandamiza triga, chovya kichwa tu kwenye bakuli la maji: mapovu yakitoka mbele, vali haifungi, na mara nyingi ni ile oringi ya chini iliyoguswa na thina siku kifaa kizima kilipolowekwa.